Mpe Maji Kiti

Nakumbuka siku niliyogombezwa kupitia mbwa. Usicheke kwanza, mwanangu, kicheko kina mahali pake huko mbele. Weka hiyo simu chini. Nimeiona picha ya ploti yako ya Kitale, nimeona unavyotaka kuifunika yote kwa kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza chini, kuanzia geti hadi mlango wa nyuma, hata jani moja lisiote. Inapendeza, sikatai. Lakini kunywa chai kwanza. Mimi si mtu wa kwenda popote. Safari yangu ndefu ni Kimilili sokoni, na nikirudi nasimulia wiki nzima kama niliyetoka ng'ambo.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi katika boma hili hili. Mume wangu Wekesa alifanya kazi Bungoma, karibu na stesheni ya reli, akija nyumbani Jumamosi kwa baiskeli. Alinijengea nyumba ya bati jipya, juu kidogo ya nyumba ya udongo ya baba yake. Nami nilikuwa na kidato cha nne changu kichwani. Nilijua mito ya Ulaya kwa majina na mahali kila mmoja unapoingilia baharini. Maji ya uani mwangu yanakwenda wapi, hilo halikuwa kwenye mtihani.

Sasa unajua kwetu mke mgeni hupimwa kwa fagio. Basi nikafagia. Nikaona nyasi za uani zinanipunguzia sifa, nikazing'oa kwa jembe na mizizi yake. Uwanja ukabaki mwekundu, mgumu, unang'aa kama upara wa katekista. Wifi yangu Nekesa, aliyeolewa huko Kitale, alipokuja kututembelea alisimama akashika kiuno.

"Haki ya Mungu, hii uwanja umeinyoa! Si hapa mtu anakula ugali bila sahani, bana!"

Kichwa kikanivimba hadi kitambaa kikanibana.

Kulikuwa na mahali pamoja tu nisipofika: chini, kwa baba mkwe. Desturi yetu unaifahamu. Mke wa mtu hampi baba mkwe mkono, haketi naye, hakanyagi uani kwake. Wakikutana njiani mmoja anajitosa kwenye mahindi. Heshima hiyo niliishika kwa mikono miwili, tena kwa furaha, maana ilinipunguzia kutembea. Maji hufuata mkondo, nami nilifuata njia ya upande wa pili, ya kisimani. Kwa hiyo sikuona. Bati langu lilimwaga maji, uwanja wangu mgumu haukumeza hata tone, na yote yakateremka kule ambako mimi nilikatazwa kwenda. Mwanangu, maji hayana mkwe.

Alasiri moja, baada ya mvua nzito kushuka kutoka Mlima Elgon, nilikuwa jikoni nikasikia sauti ya mzee, baba mkwe wangu, nyuma ya ua. Hakuwa akisema nami, asingeweza. Alikuwa akisema na mbwa wake, jina lake Bosi, lakini kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza la chifu.

"Bosi! Unaona hii ukuta? Hii ukuta mama yenu aliisiriba na mikono yake. Vidole vyake viko hapa. Sisi tulimwosha mara moja, tukamzika. Sasa kila mvua ikinyesha, maji ya mtu inakuja kumwosha tena. Enda umwambie mwenye hayo maji akuje ayachukue!"

Na Bosi, naapa, alipanda mpaka mlangoni pangu, akaketi, akanitazama. Alikuwa na uso wa hakimu. Haya, sasa unaweza kucheka. Mimi sikucheka.

Mama mkwe alifariki kabla sijafika boma hili, sikupata kumwona. Kesho yake mzee alipopeleka ng'ombe malishoni, nilisogea nikachungulia kwenye ua. Maji yalikuwa yamechimba mfereji chini ya ukuta, udongo umebanduka, miti ya ndani imetokeza kama mbavu. Juu ya pale palipobomoka, nikaona. Vidole vitano, vikizunguka nusu duara, na nusu duara nyingine juu yake, na nyingine, ukuta mzima, kama magamba ya samaki. Mkono wa mwanamke aliyekuwa akifanya kazi bila haraka. Mstari wa chini ulikuwa umekwisha kwenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa shuleni. Lakini ukuta ule hata ungejengwa upya na fundi hodari, vidole vile vingetoka wapi?

Jumamosi Wekesa akaja, nikamweleza, akachimba mtaro wa kuyageuza maji pembeni. Tukajipongeza. Mvua iliyofuata ikapita mtaroni kama lori lisilo na breki, ikalaza maharagwe yote ya jirani. Sauti ikatoka tena nyuma ya ua.

"Bosi, ukitoa nyoka kwako ukatupa kwa jirani, hapo umeua nyoka? Maji ni mgeni. Mgeni hafukuzwi, ati. Anawekewa kiti, anakunywa chai, anaenda polepole."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na sijaona kazi nyingine ya namna ile. Kati ya nyumba zetu mbili palikuwa na kipande cha ardhi kilichotulia kidogo, mbali na kuta zote. Mimi nilianza kuchimba asubuhi shimo la kumkalisha mgeni huyo, mzee akiwa malishoni. Yeye alichimba jioni, mimi nikiwa kisimani. Hatukusemezana hata neno; majembe ndiyo yaliyozungumza. Nilichimba shimo refu jembamba. Nikarudi nikalikuta limefukiwa nusu, limetanuliwa, limekuwa pana na la kina kifupi kama sinia. Nikaelewa: si kaburi tunalochimba. Nikashindilia sakafu yake vizuri kwa miguu. Nikakuta imetifuliwa, imechanganywa na mchanga na mbolea ya ng'ombe. Basi, mkono ukiwa na mazoea yake, asubuhi moja nikalifagia. Ndiyo, nililifagia shimo! Nikarudi kutoka kisimani nikakuta fagio langu limetundikwa juu ya mti, kwenye tawi nisilolifikia.

Sikulishusha. Nikashika adabu.

Akapanga mawe pale maji yatakapoingilia, ili yajikwae yapoteze kasi. Upande wa chini akaacha mdomo mdogo wenye mawe, unaotazama migomba, ili mgeni akizidi kushiba ajue mlango wa kutokea. Mimi nikapanda nduma, yale magimbi yanayopenda maji, katikati, mchaichai ukingoni, na zile nyasi nilizong'oa kwa majivuno nikazirudisha uani nikiona haya, kama mtu anayemrudishia jirani kuku.

Kisha mvua ikaja. Mchana kweupe, mlima ukatoweka, upepo ukanukia udongo, bati likaanza kupiga kelele hata sikusikia mawazo yangu. Nilisimama mlangoni pangu. Kule chini mzee alisimama mlangoni pake, kofia kichwani, Bosi miguuni. Kati yetu lile sinia.

Maji yakashuka vile vile kama siku zote, mekundu, yana hasira. Yakafika kwenye mawe. Yakajikwaa. Yakaingia, yakatanda, yakazunguka na majani ya mahindi juu yake, yakapanda mpaka shingoni mwa nduma. Nilishika fremu ya mlango. Yakipita hapa, yanakwenda moja kwa moja kwenye vidole vya mama. Yakapanda tena kidogo. Yakagusa mdomo wa mawe, yakachungulia migomba. Halafu, mwanangu, yakatulia.

Nimeishi miaka mingi na sijapata neno la kueleza utulivu ule. Maji yaliyokuwa yakikimbia tangu niolewe yalisimama mbele yangu kama ng'ombe aliyefika zizini. Mvua ilipopungua nikasogea karibu, nikaona vipovu vidogo vikipanda kutoka chini, na nikasikia sauti, sikudanganyi, kama ndama anayenyonya. Ardhi ilikuwa inameza. Ile ile niliyoipiga fagio ikawa jiwe, kumbe muda wote ilikuwa na kiu! Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Siwapingi wakubwa wangu, lakini siku ile niliona ardhi ikiyazoa kwa mikono isiyoonekana. Asubuhi yake sinia lilikuwa tupu, udongo una unyevu tu, na mbu hakupata hata pa kutagia yai.

Chini ya ukuta wa mzee palikuwa pakavu.

Siku ile ile ya mvua, kabla hajaingia ndani, mzee alivua kofia yake, ingawa matone yalikuwa bado yanaanguka. Hakunitazama. Aliinama akamshika mbwa kichwani.

"Bosi," akasema, na safari hii hakupaza sauti, "mwambie binti yangu asante."

Hakusema mwenye maji. Alisema binti yangu. Ukuta ule ulisimama na vidole vyake hadi siku mzee alipotolewa katika nyumba ile kwenda kulala kando ya mkewe.

Sasa ya kwako, mwanangu. Ploti yako ya Kitale iko mteremkoni, na chini yako anakaa mtu ambaye hata jina humjui. Ukifunika yote kwa kabro, utamjua siku mvua itakapokutambulisha. Weka kabro pale gari linapopita, kwingine kote acha nyasi. Maji ya bati yashushe kwa utaratibu, mengine yaingie tangini, yanayobaki yatengenezee bustani yake ya mvua: pana, ya kina kifupi, mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo, udongo umetifuliwa, mimea inayovumilia maji na kiangazi pia. Kwanza chimba kidogo, mwaga ndoo ya maji, ungojee uone kama ardhi inameza. Isipomeza, tafuta mahali pengine. Mwachie mgeni mlango wa kutokea. Usimtupe kwa jirani. Na fagio, mwanangu, fagio litundike juu ya mti.

Nami kila mvua ikianza bado hutoka na mwavuli wangu kwenda kulitazama lile sinia, mtu mzima anayejulikana kwa uvivu wa kutembea. Wajukuu hunicheka. Wacha wacheke.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mvua ikujie ikukute umeshaitandikia. Iingie kwako kwa hasira, itoke kwa upole. Ardhi yako isikose cha kunywa, ukuta wa jirani yako usikose msingi, na yeyote aliye chini yako, hata asiyeweza kukuambia, apate sababu ya kukuita mwanangu.