Safari Niliyomuulia Dada wa Katumba

Mchezo wa safari niliubuni mimi, kwa hiyo wa kwanza kulaumiwa ni mimi. Wa pili ni binamu yangu wa kike. Wa tatu ni msimamizi wetu, aliyecheka mpaka akakaa chini.

Miaka ya tisini tulikuwa tunachambua tumbaku kwenye banda moja upande wa Katumba. Mikono inapanga majani, midomo haina kazi. Nikawa nawapeleka wenzangu porini kwa maneno: mto huu hapa una viboko, unavuka au unazunguka? Mtu akichagua kuvuka, natikisa punje tano za mahindi kwenye bakuli, zimeunguzwa upande mmoja. Nyeusi zikizidi, roho moja imeondoka. Bakuli nalichungulia peke yangu.

Mwanzoni kila mtu alikuwa na roho tatu. Ikawa hakuna anayekufa, wanavuka mito kwa kiburi tu. Binamu akasema, "Kaka, huu mchezo wa watoto. Wape roho moja uone kama hawatawaheshimu viboko." Nikakubali. Na anayekufa tukawa tunamfanyia msiba wa utani, maana mle bandani tulikuwa watani watupu, na kwetu mtani anaruhusiwa kuchekesha hata makaburini.

Dada mmoja wa Katumba, wazazi wake walitoka Burundi, hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Mumewe alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Aliniambia mimi tu, na akasema ule mchezo ndio saa pekee anayopumzika kufikiri. Nilijua hilo. Ila alikuwa amefika salama siku tatu mfululizo, nami ilianza kuniuma.

"Dada, mto umejaa. Unavuka?"

"Navuka. Nyie ndio mnaogopa maji kama paka!"

Nikatikisa. Nyeusi ilikuwa moja. Nikasema, "Umekufa."

Binamu akarukia katikati, gunia kiunoni. "Uwii! Marehemu alikoroma mpaka viboko wakahama! Mume wake namrithi mimi! Yuko wapi, aje nimkague!"

Banda zima likacheka. Binamu hakujua kitu, lakini miaka mingi nimemtupia yeye mzigo huo. Dada hakujibu, kwa sababu nilikuwa nimeweka sheria kwamba aliyekufa haongei. Alichambua majani mpaka jioni.

Kesho yake alikaa peke yake karibu na mlango. Nikamfuata. "Dada, njoo ucheze. Leo nitakulinda, hutakufa."

Akaniangalia. "Kumbe na jana ungeweza, kaka."

Akageukia majani yake.