Ndani ya Klabu ya Baba

Jumapili za utoto wangu ziliishia kwenye maegesho ya klabu moja huko Westlands. Tukitoka kanisani, baba alisimamisha gari kivulini, akasema, "Dakika tano," akatokomea ndani. Mhudumu alituletea chipsi na soda kwenye trei, tukala garini pamoja na mama. Watoto hawakuruhusiwa kuingia, na kwenye baa ya mle ndani hata wanawake walikatazwa. Dakika tano za baba zilimtosha mama kufuma mkono mzima wa sweta.

Baba alishafariki. Klabu nayo ilifungwa, ikauzwa, na mmiliki mpya akanipa kazi ya kupiga picha vyumba vyake kabla hajabomoa ajenge ghorofa. Kosa langu ni kumtajia mama kwenye simu. Asubuhi ya kazi alifika kutoka kwake mtaa wa Satellite akiwa amevaa koti lake la kanisani. Alitaka kujionea kilichokuwa mle ndani ambacho nyumbani hakikuwepo. Swali hilo hakuwahi kumwuliza marehemu, alisema, na hataki kuzikwa nalo.

Niliudhika kidogo. Kazi yangu inataka utulivu, na mama akiona vumbi hanyamazi. Ukumbi ulinuka popo. Sakafu ya mbao ilikuwa imevimba kwa mvua, na ukutani, palipotundikwa picha za wenyeviti, pamebaki miraba safi. Nilitega kamera yangu hapo. Mama hakuutazama hata mmoja. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa baa, kisha akasimama kizingitini, mkoba kifuani.

Nikaelewa kwamba anangoja ruhusa. Nilishikwa na hasira, tena hasira ya kumkasirikia marehemu, jambo ambalo kwetu ni mwiko. Nikamshika mkono, tukaingia.

Kaunta fupi. Viti virefu vitatu vilivyochanika ngozi, kimoja kimeanguka. Ubao wa vishale. Dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani, basi. Mama alizunguka polepole, akafungua kabati, akainama nyuma ya kaunta kama alivyokuwa akiinama chini ya kitanda changu kusaka nguo chafu.

"Ni hapa tu?" akaniuliza.

Nikamwambia ni hapa tu.

Nilimngojea acheke, au atukane. Haki hiyo alikuwa nayo. Badala yake alipangusa kiti kimoja kwa leso, akakipanda kwa taabu, akakaa akiutazama ukuta wa jirani. Nilimpiga picha bila kumwambia. Alikaa kitambo, nami nikaacha kazi nikaegemea kaunta kando yake. Hasira yangu ilikuwa imeniishia, nikabaki na huzuni tupu.

"Maskini baba yako," akasema. "Kumbe alikuwa anakuja kukaa tu. Kukaa tu hivi, si angekaa na sisi?"