Kakule wa Musienene na Macho ya Dada Yangu

Tuliondoka Butembo kwa sababu ya ujumbe mfupi kutoka kwa Docteur Masika. Yeye ni mtoto wa Butembo anayeishi Ulaya. Ndiye chef, yaani mkuu, wa sayansi katika kampuni moja ndogo inayotafuta dawa ya macho. Mwaka uliopita watu wake walichukua mate ya dada yangu Kavira ndani ya kachupa. Sasa aliandika kwamba amefika Beni, na ana swali ambalo hawezi kuuliza kwa telefone.

Kavira ana miaka kumi na nane, anajifunza kushona. Tangu utoto wake, jua likishuka tu, kwake ni giza kabisa. Siku hizi hata mchana anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: sindano anaiona, mtu aliye kando yake hapana. Mimi, Kambale, ni fundi wa moto, yaani pikipiki, na shule niliiacha katikati ya sekondari. Lakini kuota hakuhitaji diploma. Nilikuwa nimeshaona yote kichwani: dawa inaingia, Kavira anahesabu nyota mpaka ananichosha.

Saa moja ya asubuhi tulipanda moto yangu. Vumbi lilikuwa jekundu, baridi ya Butembo ikatuacha kidogo kidogo kadiri tulivyoshuka. Kila nilipokosa shimo moja niliingia lingine.

“Yaya,” Kavira alimwita hivyo kaka yake, akanigonga mgongoni, “mwenye macho mabaya ni mimi ao ni wewe?”

Kufika Kabasha tulikula mandazi, tukaendelea.

Saa tano tulikuwa Beni, kwa Mama Kahindo, rafiki wa mama yetu anayekaa mtaa wa Mulekera. Alitupa ugali wa fufu na majani ya sombe kabla hata hatujavua viatu.

“Huyu docteur yenu,” aliuliza, “ni mwenzetu Munande wa kweli ao wa karatasi?”

“Sijue, mama. Tutamuona.”

“Mumuongeleshe Kinande. Akijibu na Kifaransa, mukimbie!”

Mchana tulimkuta docteur kwenye chumba kidogo cha hospitali. Nilifikiri chef wa sayansi atakuwa na watu watatu wa kumbebea sac na mizigo. Kumbe ni mwanamke mfupi mwenye sandali, ameinama juu ya karatasi kubwa na kalamu mbili. Mama Kahindo angeridhika: alitusalimia kwa Kinande, tena Kinande cha bibi.

Alimwangalia Kavira macho kwa mashine, taratibu, kisha akatuelezea. Ndani ya mwili kuna maandiko yanayoambia jicho namna ya kufanya kazi. Ya Kavira yana kosa. Dawa yake ni kavirusi walikokatoa ukali. Kanabeba maandiko mazuri mpaka ndani ya jicho.

“Donc basi ni taximan!” nilisema.

“Njo vile. Taximan mwenye hana fujo.” Alicheka, halafu akaacha. “Mais lakini dawa yetu inatengeneza andiko moja tu, na maandiko yenye inaweza kuharibika ni mingi. Kwa Kavira tumeona kosa fulani ndani ya andiko hilo, hatujaiona kwa mutu mwingine hata moja. Labda njo inaharibu macho, labda haina maneno. Nikipata mutu mwingine wa familia mwenye ugonjwa huu, damu yake itajibu. Nisipopata, siwezi kumuandika kwa liste ya batu ya majaribio.”

“Haiko mwingine,” nilisema.

“Nitajie ndugu za papa yako.”

“Paluku, Kambale, Kasereka, ndiye papa yetu, na Katembo.”

Kalamu yake ilisimama. “Na Kakule?”

Sisi Wanande tunapewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Baada ya Kasereka anakuja Kakule, ndipo Katembo. Maisha yangu yote nimetaja majina hayo na kuruka hapo, kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika. Nilidhani alikufa mdogo, na kwetu mtoto aliyekufa hatumuulizi ovyo.

Docteur Masika alituambia kwamba wenzake wa Ulaya walipoona familia zetu zote zina Paluku na Kambale, walidhani tunawadanganya. Computer ilifuta nusu ya watu, ikidhani majina yamerudiwa. “Njo sababu nimekuja miye mwenyewe,” alisema. “Siwezi kuongoza kazi ya macho ya batu nikiangalia karatasi tu.”

Nilipigia Papa hapo hapo. “Papa, Kakule iko wapi?”

Nilimsikia akifunga mlango kwanza.

“Iko Musienene,” alisema mwishowe. “Iko muzima.”

Kesho yake tulirudi Butembo. Papa alitusimulia huku akiangalia vidole vyake. Walipokuwa vijana, jioni moja Kakule aliacha ng'ombe mwenye mimba aanguke bondeni. Alirudia kusema hakuona. Papa akamwita mlevi mbele ya ukoo mzima. Kakule akaenda kwa wajomba zake, na tangu siku hiyo nyumbani wakahesabiwa ndugu wanne.

Siku ya soko nilimpeleka Papa Musienene. Magunia ya viazi yalijaa barabarani. Kakule tulimkuta ameketi nyuma ya maharagi, anayachambua kwa vidole, meupe huku, mekundu kule, maana kila aina ina ukubwa wake. Macho yake hayakuangalia popote.

Papa alisimama mbele yake.

“Nani anasimama bila kusalimia?” Kakule aliuliza. “Anapumua kama Kasereka.”

“Ni miye.”

“Umekuja kutafuta ng'ombe?”

“Nimekuja kusema kama haukukuwa mulevi.”

“Eh! Neno hii imetoka Butembo miaka yote hii, njo inafika leo? Konokono ingeipita!”

Watu wa soko walicheka. Papa alikuwa analia. Kakule alipapasa hewani mpaka akamkamata mkono, akamvuta chini. “Ikala chini, uko unanizibia jua.”

Nilimweleza habari za Kavira. Aliuliza kitu kimoja tu: “Angali anaona?”

“Kidogo, mchana.”

“Sasa tunangojea nini?”

Safari ya pili ya Beni tulikwenda na moto mbili, pamoja na Kavira. Docteur Masika alimpima Kakule muda mrefu. Kisha Kakule akauliza lile nililoliogopa tangu Musienene.

“Mama Docteur, na miye?”

Nilimwomba Mungu ili Docteur aseme “tutaona”. Neno dogo, halimuumizi mtu.

Alimshika Kakule mikono yote miwili. “Hapana, Papa. Dawa inasaidia sehemu ya jicho yenye ingali hai. Yako imekufa. Hata kama kosa ni ile yetu, wewe hautapata kitu. Ukitaka kurudi na damu yako, ni haki yako, na sitakasirika.”

Nje moto zilipiga honi. Kakule akaanza kukunja mkono wa shati.

“Mbele ya sindano, Kavira acheke kwanza. Kwetu tunachekaka vibaya. Nataka kujua kama ni mutoto yetu kweli.”

Kavira alicheka kama mbuzi aliyekwama kwenye uzio. Kakule akanyoosha mkono.

Tulirudi Butembo, tukangoja wiki nyingi. Nilivunja vis mbili, skrubu za moto za wateja, kwa mawazo. Ndipo Docteur Masika akapiga telefone: kosa ni lile lile, ni la dawa yake, na Kavira ameandikwa kwenye liste. Akamwonya bila sukari: ni majaribio, huenda dawa ikazuia tu kinachobaki kisipotee, na nyota asimwahidi mtu. Mtu huyo ni mimi.

Nilidhani kuwa chef wa sayansi ni kujua mengi. Yeye anajua mengi, ndiyo. Lakini mimi nilichojifunza kwenye safari hii ni ile “hapana” yake mbele ya sindano, wakati alipoihitaji damu ile kuliko kitu chochote.

Kavira hakushangilia mara moja. “Papa mudogo Kakule anajua?” aliuliza kwenye telefone.

“Nilimupigia yeye wa kwanza,” alijibu Docteur Masika. “Ni damu yake njo ilijibu.”