Mama Dirisha na Ugomvi wa Upande wa Bonde

Jua la Jumamosi ndiyo kwanza linapanda, na tayari jukwaa la pili la stesheni limefurika watu wa ukoo mmoja: wajomba, mashangazi, wakwe, watoto wa kubebwa na watoto wa kukimbizwa. Katikati yao anapita mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, akiwasalimia kana kwamba wote ni ndugu zake waliopotea. Shikamoo huku, marahaba kule, na mtoto wa nani huyu mwenye masikio mazuri hivi.

Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Kwa wapagazi, kwa madereva wa treni, hata kwa wakubwa wa ghorofani, yeye ni Mama Dirisha.

Kazi yake ni kupanga safari za kutazama milima. Shirika la reli lina behewa moja lenye vioo kuanzia usawa wa goti hadi darini, na nani alipande siku gani, treni isimame wapi, nani akae kiti kipi, yote huanzia katika chumba chake nyuma ya stoo ya mizigo. Chumba kina meza moja, birika moja na viti vinne ambavyo tangu viletwe havijapata kupumzika, kwa sababu mwenye chumba hawezi kunywa chai peke yake.

"Watu wanadhani napanga milima," anasema. "Milima ilishajipanga yenyewe. Mimi napanga watu."

Leo anapanga roho ikiwa mkononi. Kwa miaka mingi behewa la vioo limekuwa la wageni wa mahoteli. Wenyeji wanaoishi kando ya reli kazi yao ilikuwa kulipungia mkono. Tangu mwaka jana Mama Dirisha anaomba Jumamosi ziwe za familia, kwa nauli ambayo fundi cherehani au mwalimu anaweza kuimudu. Meneja wa abiria, bwana mpole wa suti ya kijivu asiyependa makelele, alimkatalia mara ya kwanza, akamkatalia ya pili. Mara ya tatu alichoka. Akampa jaribio moja: safari moja, familia moja, na yeye mwenyewe atakuwemo.

"Likija lalamiko hata moja," meneja alimwambia, "tunarudi kwa wageni wetu, na jambo hili tusilizungumze tena."

*

Alianza kazi reli akiwa msafishaji wa mabehewa. Treni ikirudi, yeye na ndoo yake wanaingia. Hapo ndipo alipogundua kitu ambacho wanaokaa vitini hawakioni: vioo vya kushoto vilijaa alama za pua na vipaji vya nyuso, vya kulia vilikuwa safi kama vimetoka dukani. Reli hii inapanda ubavuni mwa mlima. Kushoto ni bonde, mto, na mashamba yaliyokatwa kama viraka. Kulia ni ukuta wa jabali, njia nzima.

"Nikajiuliza, hawa wa kulia wamelipa nauli ya kutazama ukuta? Ukuta si hata nyumbani wanao?"

Akamnong'oneza gadi mmoja mcheshi, mzee ambaye sasa amestaafu. Gadi akajaribu: treni iliposimama stesheni ya katikati kuipisha inayoshuka, akapiga filimbi na kuwaamuru abiria wabadilishane viti, wa kushoto waende kulia, wa kulia waje kushoto. Watu wakacheka, wakagongana viuno, wakaombana radhi, wakajuana. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya behewa la vioo, na baadaye msafishaji akahamishwa kutoka kwenye ndoo akapewa meza. Mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "unasomesha watoto wawili na kuwaahidi wengine wawili."

Mtaji wake mkubwa ni umbea, na haoni haya kulisema. Kila asubuhi ya safari humpigia simu muuza chai wa stesheni ya darajani, ambaye ndiye mtabiri wake wa hali ya hewa.

"Shoga, huko kumeamkaje?"

"Kweupe. Naona mpaka mbuzi wa ng'ambo."

"Na mumeo?"

"Huyo ndiye mwenye ukungu."

Familia zikija kuagiza safari, hawaulizi wanataka kuona nini. Anawauliza nani hasemi na nani. Binti wa ukoo huu, aliyekuja kulipia, alijaziwa kikombe cha chai mara tatu akisimulia. Siku ya harusi yake, mama wa mumewe aliingia gari la mbele, lile lenye maua. Mama yake mzazi akapandishwa gari la nyuma pamoja na masufuria. Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo sasa anakaribia kumaliza shule ya msingi, na bibi zake wawili, bibi wa kuumeni na bibi wa kukeni, bado wanasalimiana kwa ncha ya ulimi.

Mama Dirisha akapanga ipasavyo. Bibi wa kukeni aanze upande wa bonde, bibi wa kuumeni apokee zamu baadaye, na baina yao kiwepo kijia na safu ya wajomba wazito. "Kidonda cha kiti hutibiwa kwa kiti," alisema.

*

Sasa behewa linarudishwa nyuma taratibu kuingia jukwaani, na Mama Dirisha anakatisha maneno mdomoni. Choo kiko mbele.

Siku zote choo cha behewa hili huwa nyuma. Kikiwa mbele, maana yake ni moja: behewa limegeuzwa, kichwa kimekuwa mkia, na kila kiti alichokipanga upande wa bonde sasa kinatazama jabali. Anapiga simu karakana, anakofanya kazi mumewe.

"Baba watoto, nani kageuza behewa?"

"Mimi," inajibu sauti iliyojaa furaha. "Kile kioo kilichochubuka nimekipeleka upande wa jabali. Nilitaka leo bonde lionekane vizuri. Umeona?"

"Nimeona, mume wangu. Umenipenda mpaka umenimaliza."

Kuligeuza upya ni kulirudisha karakana, na injini imeshafungwa. Tiketi ziko mikononi mwa watu, na mabibi wawili wameshapanda, kila mmoja na mkoba wake. Gadi wa leo, kijana mrefu mwenye wasiwasi, anamwinamia sikioni.

"Tufanye nini?"

"Tusali. Halafu tugawe chai mapema."

Mjini hakuna aliyetambua kitu. Treni inapoanza kupanda, bonde linafunguka kushoto, na hapo kushoto amekaa bibi wa kuumeni, mkoba mapajani, tabasamu la mshindi usoni. Kulia jabali limesogea karibu na kioo kama daktari wa macho. Bibi wa kukeni analitazama jiwe. Jiwe linamtazama.

"Gari la nyuma tena," anasema, bila kupaza sauti, lakini kwa namna ambayo behewa zima linasikia. "Stesheni ya katikati mimi nateremka. Anayenipenda atanifuata."

Nyuma kabisa, meneja anainua macho. Nusu ya behewa ni watu wa kukeni. Wakiteremka, hilo halitakuwa lalamiko, litakuwa maandamano.

Mama Dirisha anachuchumaa miguuni pa bibi. "Mama, kosa ni letu sisi wa reli, si la mkweo. Behewa limegeuzwa. Tukifika katikati utahamia bondeni."

"Mwanangu, siku ya harusi pia niliambiwa gari la mbele litarudi kunichukua."

"Halikurudi?"

"Lilirudi. Maua yamenyauka, dereva amelewa."

*

Ukungu wa mtoni haupigi hodi. Treni inapofika darajani, penye ule weupe alioahidi muuza chai, bonde limejaa utusitusi mzito kutoka ukingo hadi ukingo. Bibi wa kuumeni anafuta kioo kwa leso. Anafuta tena. Ni kama amefunikwa shuka.

Upande wa jabali mambo ni mengine. Maji yanachuruzika juu ya mawe umbali wa mkono, na kwenye kila kibao cha jiwe pimbi wameketi kifamilia, wanene, wamekunja mikono kama wazee wa kikao. Mtoto mmoja anawaona, anapiga kelele. Wa pili anaruka kijia. Dakika si nyingi, watoto wote wa ukoo wako miguuni mwa bibi wa kukeni, ambaye ghafla ana wageni na lazima awahudumie.

"Yule mwenye kitambi ni mjomba wenu," anawaonyesha. "Yule anayegeuza mgongo ana deni dukani."

Watu wanaangua kicheko. Bibi wa kuumeni, peke yake na shuka lake jeupe, anavumilia kadiri anavyoweza. Halafu anashindwa.

"Mkwe," anaita. "Huko kuna nini?"

Binti aliyelipia safari anashika mkono wa mumewe. Neno hilo hajalisikia likiitwa hivyo tangu aolewe.

"Kuna watu wa kwenu, mkwe," anajibu bibi wa kukeni bila kugeuka. "Njoo uwasalimie."

Mama Dirisha anamtupia meneja jicho kwa hofu, maana kelele sasa ni za sokoni. Lakini meneja ana shughuli yake. Shangazi mmoja alimwomba, "Baba, nishikie huyu kidogo nipige picha," akamwekea mtoto mchanga mapajani, akaenda kupiga picha, akasahau kurudi. Mtoto ameshalala kwenye koti la kijivu. Wajomba wanapoanza kuimba, meneja anainua kidole, na behewa zima linanyamaza kwa woga.

"Mtoto amelala," anasema kwa kunong'ona. "Imbeni polepole."

*

Stesheni ya katikati, gadi anapiga filimbi ya kubadilishana. Watu wanainuka, wanagongana, wanacheka. Bibi wa kuumeni hainuki. Amekwisharudi kitini pake na amejikita.

"Mimi nimeona pamba tu tangu asubuhi," anasema. "Sihami."

Bibi wa kukeni amesimama kijiani na mkoba wake. Mlango wa behewa uko wazi, jukwaa liko hatua chache, na alishasema atateremka.

Bibi wa kukeni anautazama mlango. Anautazama uso wa bintiye. Halafu anamgusa begani mjukuu aliyekaa kando ya bibi mwenzie.

"Wewe, kawasalimie pimbi." Na kwa mkwewe: "Sogea basi. Kiti hiki ni cha watu wawili, na mimi si mnene kama unavyowaambia watu."

"Nani kasema wewe mnene?"

"Wewe, jikoni kwa mwanao."

"Nilisema una afya."

"Basi isogelee hiyo afya."

Anaketi. Treni inaondoka, inapanda mikunjo miwili, na kutoka juu ya ukungu jua linawapiga usoni. Huko chini utusitusi umetulia kama maziwa ndani ya sufuria, vilele vimechomoza vya buluu, na mto, pale unapoonekana, unang'aa na kupinda.

"Hauendi moja kwa moja," anasema bibi wa kuumeni.

"Kama watu wa kwenu," anajibu mwenzie, na wanabishana hivyo hivyo, vichwa vikikaribiana kiooni, mpaka stesheni ya mwisho.

Mama Dirisha hajifanyi kwamba ni mpango wake. "Ningeulizwa, ningesema hao wawili uwatenganishe kwa mabehewa matatu," anasema. "Nilikuwa nawaponya kwa mbali. Kumbe walihitaji kubanwa."

*

Jumatatu aliitwa ghorofani. Alipanda ngazi akijua la kusema kuhusu behewa lililogeuzwa, na alilisema lote kabla hajaambiwa aketi. Meneja alimsikiliza hadi mwisho.

"Lalamiko limekuja," akasema. "Mjomba mmoja amepiga simu. Tulipovuka daraja alikuwa chooni. Anataka kujua lini atapanda tena."

"Nimeliandika kama ombi," meneja akaendelea, akijifutafuta begani mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Jumamosi ni zako. Ila wape pia mto wa kulalia watoto. Mkono wangu haujapona."

Tangu hapo chumba cha nyuma ya stoo kimezidi kelele. Birika limepata mwenzake. Fundi wa karakana ameombwa rasmi na mkewe asimfurahishe tena siku za Ijumaa. Badala yake anatoboa madirisha mapana katika behewa kuukuu la mizigo, kwa ruhusa, kwa sababu maombi ya familia yameshazidi viti, na Mama Dirisha anataka ifikapo msimu ujao kusiwe na mtu wa kando ya reli anayeijua treni hii kwa kuipungia mkono tu.

Wiki hii anapanga ukoo wa madereva wa mabasi, baba, watoto na wakwe, watu waliozoea kushika usukani. Wote wameomba kukaa mbele, na hakuna anayekubali kupakiwa na mwenzake.

"Nimewaambia mbele ni moja, lakini mlima ni mrefu," anasema, akimimina chai kwenye kikombe cha mgeni ambaye hajaomba. "Kila mmoja atapewa zamu ya kuendesha kwa macho. Na atakayepiga honi kwa mdomo, namhamishia kwa watoto."