Msimwite Swichi

Na bado mnasema dada yangu ndiye mwenye shida! Eti anachagua washauri kama anachagua nyanya, anabonyeza, anarudisha. Abonyeze! Nyinyi mbona nyanya mnabonyeza, na nyanya haiendi kusimulia mambo yenu?

Dada alikuwa anafanya kazi kwa dobi mkubwa, wale wanaofua mashuka ya mahoteli. Kuna mashine pale ya kunyoosha mashuka, rola mbili za moto zinazunguka, wewe unalisha shuka upande huu, mwenzako anapokea upande ule. Siku moja ikamvuta mwenzake mkono. Aliyekuwa karibu na swichi ni dada. Akaganda. Ni pumzi chache tu, halafu akazima, lakini rola haina subira. Mkono wa mwenzake ukabaki na vidole viwili.

Tangu hapo dada halali. Blenda ya jirani ikinguruma, anaruka. Kazini mashine ikiwashwa, anaacha shuka, anakimbilia nje. Nikamwambia, "Dada, tafuta mtu wa kuongea naye, utatuharibikia."

Kazini kulikuwa na mama mshauri, ofisi yake imepakana na ya msimamizi, katikati ubao mwembamba. Dada akaingia, akalia, akamwambia jambo ambalo hata mimi sikulijua: kwamba mkono wake ulikuwa tayari juu ya swichi, ukakataa kubonyeza. Yule mama akampigapiga bega. "Pole mwanangu, haya yanabaki hapa hapa."

Yalibaki hapo mpaka saa ya chai. Dada anafika mezani, mmoja kapaza sauti: "Swichi! Hebu tuzimie taa, au mpaka mtu apige kelele kwanza?" Wakacheka chai ikawatoka puani. Mwenzake wa vidole viwili hakucheka. Alimtazama tu, akachukua kikombe chake, akahamia meza nyingine.

Sasa akaingia Shangazi, tunakaa naye nyumba moja. "Mimi namjua mshauri wa kweli, ana vyeti ukuta mzima!" Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Dada akaniambia, huyu namjaribu kwanza. Akaenda, akampa uongo: "Kazini naiba mashuka."

Mashuka gani? Kwetu ukitandika moja, jingine limefuliwa, na hilo lina kiraka cha suruali yangu.

"Dada, huo uongo ni mkubwa mno," nikasema.

"Mdogo ataumeza. Mkubwa lazima autapike."

Akautapika. Haikupita wiki, Shangazi kasimama uani, mikono kichwani: "Jamani nimefuga mwizi! Mtoto wa kaka yangu, mashuka ya watu!"

"Shangazi, nani kakwambia?"

"Mshauri! Ananiheshimu yule, hawezi kunificha kitu!"

Nilitaka kwenda kuvibandua vile vyeti kimoja kimoja. Dada yeye alicheka. Kicheko kile sitaki kukisikia tena.

Uani kwetu ukikohoa, mtaa wa pili wanakwambia pole. Msimamizi akaja na walinzi, wakapindua magodoro, wakakuta kiraka cha suruali yangu. Dada akamweleza ulikuwa uongo wa kumjaribu mshauri. Msimamizi akakiinua kwa ncha za vidole, akasema, "Shuka letu hatujaliona. Lakini mtu anayejisingizia wizi mwenyewe, kuiba atashindwa?" Akamfukuza kazi pale pale, mbele ya majirani. Yaani nyinyi.

Kwa mshauri wa tatu, dada nilimburuta mimi. Chumba kiko juu ya duka la rangi, ngazi yote inanuka. Dada hakukaa. Kasimama mlangoni, mimi nyuma yake, akauliza, "Nikikwambia kitu, nani mwingine atajua?"

Mshauri, mwanamke kijana, hakumlegezea sauti. "Hakuna. Ila nikiona unataka kujiua au kumdhuru mtu, nitatafuta msaada, na wewe nitakwambia kwanza. Na ukiona sikufai, sema, nitakutafutia mwingine. Mimi sinuni."

Dada akageuka, akaniangalia. "Wewe, toka nje."

Sijawahi kufukuzwa nikafurahi hivyo.

Akawa anaenda kila wiki. Wanaongea nini? Sijui, na sitaki kujua. Ninachojua, alianza kulala, na siku moja blenda ilinguruma akaendelea kusuka nywele.

Halafu juzi nyinyi mmejaa pale kona, mnamwona anapanda ngazi: "Swichi! Unakwenda kubadilishwa waya?" Na Shangazi katikati yenu, anaziba mdomo kwa kanga, anacheka. Dada akashuka. Leo ndiyo siku yake tena. Kakaa kitandani, viatu miguuni, hainuki.

Na wewe kati yenu unayetafuta mshauri, uliza swali la dada ukiwa bado umesimama. Mshauri akianza kuzungukazunguka, mlango unaujua.

Na nyinyi wa kona: saa tisa namtoa, hata kwa kumbeba. Fungeni midomo, apite. Shangazi, wewe ndiye wa kwanza.