Nilivyotumwa Bomet Kulisemea Darasa la Ngumbaru

Wenzangu wa ngumbaru, mlinichagua mimi niende Bomet kwa sababu ninyi wenyewe mliogopa. Miaka hiyo ya tisini wakubwa wa elimu ya watu wazima walitaka kusikia kwa wanafunzi wenyewe kwa nini darasa letu la Kabianga limebaki tupu, kabla hawajalifunga. Sababu tuliijua sote. Mwalimu mpya alikuwa mume wa binti yangu, na akina mama wengi darasani ni mama wakwe zake kwa ukoo. Mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwewe, sembuse kufundishwa naye. Lakini nikisema hivyo kijana afukuzwe, wajukuu wangu watakula nini?

Asubuhi nilipata lifti ya pikapu ya maziwa hadi Litein. Nikanunua chai, ikanishinda.

Matatu ilipofika Kaplong nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Tulipoingia Bomet nikabadili nia.

Mkutanoni, afisa mmoja, mama mpole, akaanza na swali rahisi. "Mama, mwalimu yenu anaitwa nani?"

Jina la mkwe halitajwi.

"Hujui jina yake? Kwani wewe huwa unaenda class kweli?"

Niliona darasa letu likifungwa hapo hapo, na mimi ndiye nimelifunga. Ndipo mwanafunzi mmoja aliyetumwa na darasa la Kedowa, mama wa rika langu, akasimama.

"Madam, huyo mwalimu lazima ni mkwe yake. Hawezi taja. Hata mimi singetaja."

Afisa akanigeukia. "Ni hivyo? Sasa mnataka tumfute kazi?"

"Hapana," nikasema. "Anafundisha vizuri, sisi husikiliza tukiwa nje ya dirisha. Aende Kedowa, na ule wa Kedowa akuje kwetu."

Wakashauriana kwa muda mrefu. Mwishowe afisa akasema, "Hiyo tunaweza."

Jioni, karibu na nyumbani, nilimkuta mkwe wangu njiani. Akaingia kando kwenye shamba la majani chai, akanipa mgongo kama desturi. Hakuuliza kitu, ila hakuondoka. Nilijifunza siku ile kwamba mdomo uliofungwa hutafutiwa njia. Nikamgeukia ndama aliyefungwa hapo.

"Wewe ndama, ambia mwalimu kazi yake iko. Lakini ni Kedowa."

Halafu, kutoka kule kwenye chai, ndama akatumwa anishukuru.