Mguu wa Kushoto Juu ya Mstari

Katika mpira wa wavu nilikuwa na kasoro moja ambayo kocha wetu alichoka kuisema. Wakati wa kuanzisha mpira nilisimama vizuri, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, magoti yamelegea. Lakini mkono ulipopanda tu, mguu wa kushoto ulijisogeza wenyewe mbele. "Simama nyuma kidogo," aliniambia kila mara. Sikurudi nyuma. Nilipenda kuwa karibu na mstari.

Jumamosi moja sisi walimu wanawake tulicheza fainali na wake wa askari wa Base, kambi ya jeshi ya hapa kwetu. Baba mkwe wangu, karani mstaafu wa reli, ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mstari upande wetu. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, na siku zote alikuja na bendera yake nyekundu aliyoshonewa na marehemu mkewe. Ilibaki pointi moja tushinde. Nikapiga. Mpira ukaanguka kwao, watu wakashangilia, kisha nikaona bendera imepanda: nimekanyaga mstari.

Nilitazama chini. Ncha ya kiatu changu ilikuwa nyeupe kwa chokaa. Nikaifuta haraka kwenye soksi ya mguu wa pili.

"Papa, minyi sikukanyaka! Macho yenu inachoka!"

Kwetu mke wa mtoto hampazii sauti baba mkwe hata nyumbani, sembuse mbele ya watu. Lakini watu walicheka. Mmoja akapiga kelele, "Muzee aende kulala!" Mwamuzi mkuu akaja, akakagua kiatu, akatupatia pointi. Baba mkwe alikuwa ameniona nikifuta. Alikunja bendera yake polepole, akatoka uwanjani.

Jioni mume wangu alimwuliza baba yake ilikuwaje.

"Njo minyi nilikosaka," akajibu, akijitwika kosa langu, huku nikimnawisha mikono kabla ya kula bukari, ugali wetu. Maji yakamwagika nje ya beseni.

Siku nne nilikaa na jambo hilo. Siku ya tano nilimkuta Baba mkwe peke yake akichambua maharagwe, nikapiga magoti, nikamwambia nilikanyaga mstari.

"Niliona," akasema. "Na chokaa niliiona."

"Munisamehe, Papa."

"Nilishakusamehe. Lakini bale bantu, utabaambia lini?"

Nikamwahidi Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikawakuta wenzangu wakipiga picha na kombe. Wakanivuta katikati yao, wakanipa nilishike. Nikalishika, nikatabasamu.

Tangu hapo hawakumwita tena kwenye mstari. Wanasema macho yake yamezeeka, na mimi huwa nipo wanaposema hivyo. Hajaniuliza tena. Kila asubuhi hukaa kibarazani na Biblia yake ya Kiluba, herufi ndogo kabisa, akisoma bila miwani. Mimi ndiye ninayempelekea chai.